Kilomita za mraba 90, watu 300: Blatten inahesabikaje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninafundisha Jiografia sekondari, upande wa Marangu. Wanafunzi wangu walifuatilia habari za Blatten, kijiji cha Uswisi kilichofukiwa na mawe na barafu Mei 2025. Tulipotafuta takwimu zake tukakuta ni manispaa yenye kilomita za mraba zaidi ya 90, na watu kama 300 tu. Darasa likagawanyika. Wapo wanaosema takwimu zimekosewa, wapo wanaosema milimani hakukaliki. Lakini sisi wenyewe tuko mlimani na tumebanana! Naomba utufafanulie. Na manispaa ya watu 300 ni manispaa gani hiyo?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Darasa lako limeuliza swali ambalo watu wazima hulipita bila kuliona.

Takwimu hazijakosewa. Eneo la Blatten ni kilomita za mraba 90 na nusu hivi, na kabla ya maafa wakazi wake walikuwa karibu 300. Ukigawanya unapata watu watatu na kidogo kwa kila kilomita ya mraba, yaani msongamano wa jangwani. Tatizo liko kwenye kugawanya kwenyewe, maana hesabu hiyo inawatandaza watu hadi mahali ambapo hata mbuzi wa kufugwa hafiki.

Wachukue wanafunzi kwenye ramani. Blatten imo katika bonde la Lötschental, kantoni (yaani jimbo) ya Valais, kusini-magharibi mwa Uswisi. Bonde hili ni refu na jembamba, lilichongwa na barafu ya zama za kale, na katikati yake unapita mto Lonza unaoshuka kujiunga na mto Rhône. Vijiji vyenye mamlaka yake ni vinne, ukipanda kutoka chini: Ferden, Kippel, Wiler, kisha Blatten. Wakazi wa bonde zima ni kama 1,500. Blatten ndiyo ya mwisho, mita 1,540 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa ni ya mwisho, kila kilicho nyuma yake ni chake kwenye ramani: miteremko yote hadi vileleni, mto wa barafu uitwao Langgletscher, mpaka kwenye ukingo wa Lötschenlücke ambako upande wa pili huanza mfumo wa barafu wa Aletsch, mkubwa kuliko yote ya Alpi. Kusini umesimama mlima Bietschhorn, mita 3,934.

Sasa futa kwenye ramani hiyo kila kipande cha mwamba, kifusi na barafu. Zaidi ya robo tatu ya manispaa inapotea. Futa misitu na malisho ya juu yanayotumika miezi michache ya joto. Kinachobaki, yaani nyumba, barabara, bustani na viwanja, hakifiki hata kilomita moja ya mraba. Watu 300 kwenye eneo hilo ni msongamano unaozidi 300 kwa kilomita ya mraba. Hapo ndipo upande wa darasa uliosema takwimu zimekosewa utapumua: hawakukosea kushangaa.

Na msifikiri huu ni upungufu wa Wazungu peke yao. Sensa ya 2022 iliupa Mkoa wa Kilimanjaro watu 1,861,934 kwenye kilomita za mraba 13,000 na ushee, wastani wa kama 140. Lakini mnajua vizuri kwamba hakuna mahali panapofanana na wastani huo. Hifadhi ya mlima haina wakazi, nyika ya chini ina watu wachache, na kwenye ukanda wa vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, msongamano ni mara kadhaa ya hapo. Wanajiografia wa Alpi walichoka na wastani wa aina hii zamani, wakaanza kuhesabu kwa eneo linalokalika tu. Tirol, jimbo la Austria ambalo wengi hulifahamu kwa utelezi wa theluji, lina takriban asilimia 12 tu ya ardhi inayohesabiwa kuwa inafaa makazi ya kudumu. Ningekuwa wewe, ningewapa wanafunzi zoezi la kuhesabu mkoa wao kwa njia zote mbili kabla ya kuwagusia Uswisi.

Hata ndani ya kipande hicho kidogo cha Blatten, nyumba hazikusambaa. Bonde linaelekea kaskazini-mashariki, hivyo lina upande wa jua na upande wa kivuli, na tofauti ya pande hizi mbili ina uzito ambao sisi wa karibu na ikweta hatuna namna ya kuuhisi. Majira ya baridi jua hupita chini sana upande wa kusini, na mteremko ulioangalia kaskazini unaweza kukaa wiki nyingi kivulini. Kwa hiyo vitongoji kama Weissenried na Eisten vimekaa upande wa jua, na upande wa kivuli umeachiwa misitu na barafu. Ongeza njia za maporomoko ya theluji, ambazo wenyeji wamezijua kwa vizazi. Kijiji chenyewe kilikuwa nyumba za mbao nyeusi zilizosongamana kuzunguka kanisa, kwa sababu mahali salama palikuwa padogo na kila hatua ya ardhi tambarare iliyookolewa ilikuwa majani ya ng'ombe.

Na hayo majani ndiyo jibu la swali lenu la pili: kwa nini Kilimanjaro imejaa na Blatten haikujaa.

Angalia kimo. Mita 1,540 kwenye mteremko wenu ni katikati ya migomba na kahawa. Kimo ni kilekile, lakini ninyi mko nyuzi tatu kusini mwa ikweta na wao wako nyuzi 46 kaskazini. Kwenu joto la Januari na la Julai hayaachani sana, mvua inatosha, mgomba unazaa mwaka mzima, na mifongo, ile mifereji ya asili ya Wachagga, ilipeleka maji kwenye kihamba hata wakati wa ukame. Mkulima wa Kichagga aliweza kulisha kaya kwenye ekari chache na kumfungia ng'ombe zizini akimkatia majani kila siku. Blatten ardhi hulala chini ya theluji kuanzia kama Novemba hadi Aprili. Kilichoota ni rai (nafaka ya nchi za baridi), shayiri na viazi, mara moja kwa mwaka, na kilichobaki chote kikawa cha mifugo. Ng'ombe akala majani makavu yaliyokatwa na kuhifadhiwa Julai na Agosti, miezi sita au saba mfululizo. Kiasi cha watu ambao bonde lingeweza kuwabeba kilipimwa kwa majani ya ghalani. Malisho ya juu yalikuwa mapana kupindukia, lakini hayakusaidia kitu Februari.

Kuna ushahidi mzuri wa jambo hili katika kijiji kingine cha kantoni hiyohiyo, Törbel, kwenye bonde jirani la kusini mwa Rhône. Mwaka 1517 wanakijiji waliandika kanuni kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kupeleka malishoni ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha majira ya baridi. Kwa sentensi moja walifunga idadi ya mifugo kwenye uwezo wa ghala. Mwanaanthropolojia Robert Netting alikwenda kukichunguza kijiji hicho kwa makini baada ya kuwa ameishi na wakulima wa Kofyar kwenye uwanda wa Jos, Nigeria, na nadhani ndiyo maana aliona mambo ambayo Wazungu wenzake waliyapita. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, aliutumia mfano wa Törbel kuonyesha kwamba mali ya pamoja si lazima iharibiwe. Mimi kinachonivutia zaidi ni upande wa idadi ya watu. Jamii iliyofunga idadi ya ng'ombe ilikuwa imefunga, kwa mlango wa nyuma, idadi ya kaya. Watu walioa wakiwa wamechelewa, wengine hawakuoa kabisa, na waliozidi waliondoka. Wanaume wa Valais waliuza upanga wao kwa majeshi ya wafalme wa nje kwa karne nyingi, na hadi leo kantoni hiyo ni miongoni mwa zinazotoa vijana wengi wa kikosi cha walinzi wa Papa kule Vatikani.

Urithi nao uliongeza ugumu. Kwenu desturi ilimpendelea kifungua mimba na kitinda mimba, wengine wakatafute pori. Valais waligawa sawa kwa watoto wote, wa kiume na wa kike. Usawa huo ulizaa vipande vya shamba vidogo kama ukumbi wa nyumba, na nyumba ambazo ndugu mmoja ana ghorofa ya chini na mwingine ya juu. Ukitaka kuunganisha vipande vya babu yako ulihitaji ndoa ya hesabu kali.

Lakini msikimbilie kusema basi ni hali ya hewa, tumemaliza. Upande wenu wa hoja una nusu ya pili: watu wa ukanda wa joto walipanda mlimani pia kwa sababu chini kulikuwa kukavu, kuna joto, kuna malaria. Valais nayo ilikuwa na kitu kama hicho. Bonde kuu la Rhône, ambalo leo lina viwanda, reli na bustani za matunda, lilikuwa kinamasi kinachofurika, na malaria ilikuwepo humo. Kazi ya kwanza kubwa ya kuunyoosha na kuufungia mto ilianza 1863. Kabla ya hapo mtu aliyekaa mita 1,500 juu, akila mkate wa rai na jibini, hakuwa amekosa akili. Mlima ulikuwa mahali pa maana pa kukaa. Kinamasi kilipokauka, mizani ikageuka: ardhi nzuri, kazi na mishahara vikawa chini, na mlima ukabaki na theluji yake. Kilimanjaro haijapata mgeuko mkali wa namna hiyo, ingawa kila anayeangalia Moshi, Arusha na Dar es Salaam zinavyowachukua vijana wa vihambani anaona mwelekeo.

Kisha ikaja reli. Kati ya 1906 na 1913 lilichimbwa handaki la Lötschberg, kilomita 14 na nusu chini ya milima, na mdomo wake wa kusini uko Goppenstein, pale pale bonde la Lötschental linapofunguka. Kazi ile iliua watu wengi. Februari 1908 poromoko la theluji lilipiga makazi ya Goppenstein, na Julai mwaka huohuo maji na kokoto vilivunja kuta za handaki na kuwazika wafanyakazi 25. Bonde ambalo awali liliingiwa kwa njia ya nyumbu kwenye korongo la kutisha sasa likawa na stesheni mlangoni. Hata hivyo halikubadilika mara moja. Daktari wa meno Mmarekani Weston Price alipofika mwaka 1931 alikuta bado watu wanakula mkate wa rai, maziwa na jibini za kwao, akaondoka na picha za meno yasiyooza ambazo wapenzi wa vyakula vya asili wanazisambaza mpaka leo. Barabara ya magari ilifika Blatten katikati ya karne ya 20.

Waandishi wengi husema reli na barabara ndizo zilizoua vijiji vya milimani. Kwa Lötschental naona kinyume. Kijana wa Blatten aliweza kupanda basi mpaka Goppenstein, akachukua treni hadi Visp au Brig, akafanya kazi kiwandani na kulala kwao. Mwajiri mkubwa wa Visp ni kampuni ya kemikali na dawa ya Lonza, iliyoanzishwa 1897 kule Gampel kwa umeme wa maji ya mto uleule unaopita Blatten, na ikachukua jina la mto. Kwa hiyo mto uliowanyima mashamba uliwapa mshahara. Bonde lisilo na reli karibu lilikuwa na chaguo moja tu: kuhama.

Linganisheni na Corippo, kijiji cha mawe kwenye bonde la Verzasca, kantoni ya Ticino. Katikati ya karne ya 19 kilikuwa na watu karibu 300, sawa na Blatten ya juzi. Kilishuka hadi kikawa manispaa ndogo kuliko zote Uswisi, wakazi kumi na kitu, karibu wote wazee. Wakakosa hata watu wa kujaza nafasi za halmashauri, na mwaka 2020 kikaunganishwa na jirani zake kuwa manispaa moja ya Verzasca. Albinen, Valais, ilijaribu kupambana kwa fedha: mwaka 2017 wanakijiji walipiga kura ya kulipa faranga 25,000 kwa kila mtu mzima na 10,000 kwa kila mtoto atakayehamia. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima kama vile Uswisi inagawa pesa bure. Masharti hayakuzunguka: uwe na umri chini ya miaka 45, nyumba yako iwe ya thamani ya faranga 200,000 au zaidi, na ukae miaka kumi, la sivyo unarudisha. Wanafunzi wako wasianze kufunga mabegi.

Hapo pia kuna mtego wa kuhesabu. Nyumba nyingi vijijini Alpi ni za mapumziko, wenye nazo wanaishi Bern au Zürich na hawahesabiwi kama wakazi. Kijiji kinaweza kuwa na taa nyingi Februari na kiza Novemba. Mwaka 2012 Waswisi walipiga kura kwamba manispaa ambayo nyumba za mapumziko zimefika asilimia 20 isiruhusu nyingine mpya, na Valais iliipinga kura hiyo kwa nguvu kwa kuwa uchumi wake ulikuwa humo.

Nije kwenye neno lililowachanganya: manispaa. Kwetu Tanzania ni mji mkubwa wenye meya, kama Moshi. Uswisi ni ngazi ya chini kabisa ya utawala, iwe na watu 50 au 400,000. Mwanzoni mwa 2025 zilikuwa 2,121, kutoka zaidi ya 3,000 katikati ya karne ya 19, na kila Januari Mosi zinapungua kwa kuunganishwa. Hata iliyo ndogo ina meno: inapanga kiwango chake cha kodi ya mapato, inasimamia ujenzi, maji na shule, na uraia wa Uswisi huanzia kwake. Maamuzi makubwa Valais hupelekwa kwenye mkutano wa wapiga kura wote. Wanafunzi wako wakifikiria mkutano mkuu wa kijiji, lakini wenye mamlaka ya kutoza kodi ya mapato, watakuwa karibu kabisa.

Idadi ya watu nayo inatoka hapohapo. Kila anayehamia au kuhama lazima aandikishwe kwenye ofisi ya manispaa, na tangu 2010 sensa yao inasoma madaftari hayo kila mwaka badala ya kusubiri karani mlangoni mara moja kwa miaka kumi. Kwa hiyo mnaweza kupata takwimu za Blatten za mwaka wowote wa karibuni, lakini muonye darasa kuhusu asilimia. Familia mbili za watu watano zikihama, Blatten imepungua kwa zaidi ya asilimia tatu. Ukichora grafu utadhani ni janga, kumbe ni familia mbili tu zilizofuata shule na kazi mpya. Kwa idadi ndogo, hesabuni vichwa.

Kuna jambo moja zaidi la Kiswisi ambalo Wachagga mtalielewa haraka kuliko watu wengi. Pasipoti ya Uswisi haiandiki mahali ulipozaliwa, inaandika manispaa ya asili ya ukoo. Mtu anaweza kuwa wa Blatten kwenye karatasi na hajawahi kulala huko usiku mmoja. Idadi ya walioasili Blatten na idadi ya wanaoishi Blatten ni vitu viwili, na ya kwanza haimo kwenye ile 300.

Sasa maafa yenyewe, kwa ufupi, kwa kuwa mmeshayasoma. Upande wa kivuli, juu ya kijiji, kilele kiitwacho Kleines Nesthorn kilianza kumeguka Mei 2025, na mawe yakarundikana juu ya mto wa barafu wa Birch. Tarehe 19 Mei watu wote kama 300 waliamriwa kuondoka, na mifugo ikatolewa. Tarehe 28 Mei, saa tisa na nusu alasiri, barafu iliyobebeshwa mzigo ule iliachia. Mamilioni ya mita za ujazo yalishuka, yakavuka bonde na kupanda kidogo mteremko wa upande wa jua. Takriban asilimia 90 ya kijiji ilifunikwa, Lonza ukazibwa na ziwa likameza nyumba zilizobaki. Mtu mmoja, mwanamume wa miaka 64 aliyekuwa eneo hilo, alifariki. Kuhusu mabadiliko ya tabianchi, muwe waangalifu: barafu iliyoshikilia nyufa za mwamba wa juu inayeyuka, na mito ya barafu ya Uswisi ilipoteza karibu sehemu moja ya kumi ya ujazo wake mwaka 2022 na 2023 pekee, lakini tukio moja lina sababu nyingi zilizosukana na wataalamu wanazitenganisha taratibu.

Kwa somo lenu, tazameni kilichobaki. Weissenried na Eisten, kule juu upande wa jua, vilisalimika, ingawa wakazi wake nao waliondolewa. Kitongoji cha Ried kilifukiwa. Sehemu kubwa ya ile kilomita moja ya mraba isiyotimia, niliyowaambia ndiyo Blatten halisi, ndiyo iliyopigwa, na sehemu kubwa ya kilomita za mraba nyingine iko vilevile. Halmashauri iliendelea kufanya kazi kutoka kijiji jirani, familia nyingi zilipata makazi ndani ya bonde, na mpango uliotangazwa ni kujenga upya na kuanza kurudi kufikia mwisho wa muongo huu. Wapo wanaouliza kwa sauti kama inafaa kutumia mamilioni ya faranga kwa watu 300. Mimi ningewauliza kwanza wangependa watu hao wahesabiwe wapi. Wakihamia Visp mmoja mmoja, baada ya miaka kumi hakutakuwa na wapiga kura wa kutosha kujaza halmashauri, na Wiler italazimika kuchukua kilomita za mraba 90 za milima pamoja na hatari zake zote, njia za kusafisha, madaraja na vipimo vya barafu, kwa kodi ya watu wake mia chache.